Monseigneur na Mayai ya Mama Furaha

Juzi kijana mumoja wa kazi yetu alinikuta nimekaa mbele ya nyumba, akanionyesha picha ndani ya telefone yake. "Papa Kambale, hii convertisseur ya bei kali, ile munaitaka Monseigneur, iko kweli muzuri, ao ni jina tu?" Nilimwambia akae chini. Akasema hana muda, iko na panneau tatu za kupandisha mbele mvua haijanyesha. Alikwenda, jibu likabaki na miye. Sasa ninawapa ninyi wote, wenye muda na wenye kukosa, juu muzee akishaanza kukumbuka hawezi kurudisha maneno tumboni.

Kwa yule mwenye haiko wa kazi yetu: panneau inakamata jua, batterie inaliweka, na convertisseur njo ile sanduku ya ukutani yenye kugeuza courant, umeme wa batterie, ikuwe courant ya nyumba, ya kuwasha frigo na televizio. Jina la Monseigneur tulilitoa sisi mafundi. Jina la kampuni sitalitaja, hawajanitumia hata kofia. Tuliiita Monseigneur, kama askofu, juu ni nzito, ni ya bei, inaongea kidogo, na ukiikosea heshima inakugeuzia mugongo. Ile ya bei rahisi, yenye wachimbaji wa zahabu wa Omate walikuwa wananunua kama biskuti, tuliiita Kaza-roho. Ukibonyeza kifungo chake, unakaza roho kwanza.

Mwenye kunifundisha kazi ni Vieux Paluku, muzee wa Butembo kama miye, Mukatoliki wa kusali mbele ya kupanda ngazi. Alikuwa na duka Goma, na mudomo wa pilipili. Siku ya kwanza niligusa chuma na vidole, akanipiga kofi ya mukono. "Gusa na mugongo wa mukono. Courant ikikupiga, vidole vinajifunga. Ukigusa na kiganja utashika hiyo chuma mpaka tukuzike nayo." Mpaka leo hata kikombe cha chai ninakigusa kwanza na mugongo wa mukono. Wajukuu wangu wananicheka, waniache.

Uzuri wa Monseigneur niliuonea Buleusa, kwa mwalimu mumoja. Tulimufungia ukutani pazuri, sebuleni, tukaenda. Kisha mwaka mumoja akatuma habari kwamba mashini inakohoa. Tulipofika hatukuikuta ukutani. Mwalimu aliihamisha mwenyewe mpaka jikoni, juu ya mafiga, katikati ya mahindi yenye kutundikwa ikauke. Nilimuuliza, "Mwalimu, hii ni kazi gani?" Akanijibu bila haya, "Papa Kambale, huku kwetu kitu cha mali kinakaa kwa moshi. Mbegu, nyama, yote. Wadudu hawakule." Na ukweli, mahindi yake ilikuwa haina hata kidudu kimoja. Lakini Monseigneur ilikuwa imekula masizi mwaka muzima, na ndani yake mende wamefanya kijiji, juu mende anapenda joto kushinda mutu.

Vieux Paluku hakugombana. Alizima yote, akaifungua, akaomba unyoya wa kuku, akaanza kupangusa polepole vile unapangusa jicho la mutoto. Brosi inakwaruza, kitambaa kinaacha nyuzi, unyoya haukosee. Akafunga, akawasha, ikawaka. Kaza-roho ingekufa wiki ya kwanza. Basi andikeni: Monseigneur inavumilia. Courant yake ni safi, frigo haingurume, radio haikoromi, na taa zake ndogo zinakwambia ugonjwa uko wapi kama ukijua kuzisoma.

Ubaya wake, nitausema vilevile, miye siko muchuuzi. Kwanza ni uzito. Niliibeba kwa pikipiki kutoka Sake kupanda Masisi wakati wa matope, na tulianguka mara tatu. Mara zote tatu dereva aliuliza kama mashini iko muzima, hakuuliza juu yangu. Pili ni spare. Kifaa kidogo kama kidole kikiungua, unangojea mpaka mutu atoke Ulaya ao Nairobi. Ubaya wa tatu njo mukubwa, na njo wenye kunifanya niandike. Lakini ule hauelezeki bila Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa mukulima, jamaa yake iko kwa ule mulima wa Masisi tangu mababu. Marehemu bwana yake alinunua Monseigneur wakati walikuwa na ng'ombe. Vita ikakuja, ng'ombe wakaenda, bwana akafariki, Monseigneur ikabaki. Sasa kwa mulima ule hata kuku walikuwa wamekwisha. Kila kundi la watu wa bunduki likipita, lilipita na kuku. Wakaacha watu bila yai, bila cha kumupa mugeni, bila cha kupeleka kwa mwenye kuzaa. Wamama wachache walibaki na kuku mumoja mumoja, wamewaficha ndani ya mitungi mikubwa na kwenye shamba la migomba, na wanawaomba wasilie.

Mama Furaha akafanya akili. Alimwambia seremala amutengenezee couveuse, sanduku ya mbao yenye balbu ndani, yenye kuatamia mayai pa nafasi ya kuku. Wamama saba wakaleta mayai sita sita, na yeye sita yake, yote arobaini na nane. Kila mama alichora alama yake kwa mukaa: huyu musalaba, huyu duara, huyu mistari mbili. Kama ile mayai ikitoka, mulima unapata kuku tena. Ikiharibika, kuku wa kutaga hawakubaki wa kutosha kurudilia. Mambo yote yalikuwa ndani ya ile sanduku, na sanduku ilikuwa inakula courant ya Monseigneur mchana na usiku.

Miye nilikuwa nimepanda kule kusafisha feni, na unyoya wangu kwa mufuko. Mayai ilikuwa siku ya kumi na tisa, ilibakia mbili. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumua, batterie zimeshuka. Asubuhi nikiwa ninakunywa uji, tukasikia masasi ya bunduki kwa mulima wa mbele. Kisha kidogo, karibu zaidi.

Sasa hapa vijana musikilize kazi. Mahali kwenye vita inaweza kufika, Vieux Paluku hakufunga mashini kwa ukuta. Alifunga mashini kwa ubao, na ubao kwa ukuta, kwa écrou, nati ine za masikio, zile za kufungua na vidole. Alikuwa anasema, "Kitu chenye hauwezi kufungua mbele uji haujapoa, usikifunge." Ya Mama Furaha nayo tuliifunga vile. Nilifungua, na uji wangu ulikuwa bado wa moto. Ubao ulikuwa na kamba ya kubebea, ya kupitisha kwa kipaji cha uso, vile wamama wanabeba kuni. Mwanaume kubeba na kipaji kwetu haionekane muzuri, lakini masasi haiulize mwanaume ni nani. Mama Jeanne, jirani wa Mama Furaha, mwenye mayai ya musalaba, aliniona akacheka katikati ya kukimbia. "Leo Papa Kambale amekuwa mama."

Wanaume wawili wakabeba batterie, mwengine panneau kwa kichwa, mwengine sanduku tupu. Mayai je? Mama Furaha hakukubali iende ndani ya beseni, ipoe na igongane. Aliwaita wale wamama, akawagawia kila mumoja yai zake, na yeye akakamata zake. Wakazifunga ndani ya kitenge, juu ya tumbo, kwa ngozi. Tukashika njia ya Kashebere. Nimeona watu wengi wakikimbia vita, lakini wamama wanane wenye kukimbia polepole, mikono kwa tumbo, wanaruka tope kama wenye kubeba maji ya moto, sijawahi kuona tena. Mutoto wa kuwafuata nyuma akiteleza, walimwambia pole bila kuinama.

Kwa kivuko kimoja cha mutoni Mama Jeanne akasimama gafla. Nilifikiri ameumia. Alisema kwa sauti ndogo, "Kinalia. Ndani kinalia." Tukasogeza masikio. Kweli, ndani ya kitenge chake kulikuwa na sauti kama ya musumari juu ya sahani. Kifaranga kilikuwa kimeanza kuongea mbele ya kutoka. Mama Furaha akasema, "Kiambie kingojee, hatujafika." Tukatembea.

Tulifika Kashebere kisha saa saba ya mchana. Mbingu ilikuwa nzito kama blanketi ya maji. Watu wa pale walitupa darasa moja la masomo. Nikapanga panneau juu ya mabati, nikaunga batterie, nikasimamisha ubao, nikapanga balbu ndani ya couveuse. Wamama wamesimama nyuma yangu, kila mumoja na tumbo lake. Nikabonyeza. Monseigneur ikawasha taa nyekundu, ikazima. Nikabonyeza tena. Nyekundu, ikazima.

Niliijua ile taa. Inasema: batterie imeshuka, sitoi kitu, nisiiharibu. Na mwenye kuifundisha kusema vile ni miye. Wakati wa kufunga, miaka miwili yenye kupita, Vieux Paluku alinipa ordinateur, kompyuta yake, na câble ya kuiunga na mashini, juu bila câble ile Monseigneur haikubali kubadilisha hata neno moja. Akaniambia nipange mahali pa kukata courant batterie ikishuka. Kiburi kikanishika. Nikaiweka ikate mapema, mapema sana, batterie ikiwa bado na nusu, juu nilitaka batterie zangu zidumu kushinda za mafundi wengine. Vieux alikuwa amenifundisha kwamba batterie ni kama ng'ombe wa maziwa, usikamue mpaka damu. Miye nilikataza hata kukamua. Sasa nusu ya courant ilikuwa mule, ninaiona, na câble iko Goma, na njia ya Goma imefungwa. Haya ilinishika mpaka kwa masikio.

Mama Furaha akaniuliza taa inasema nini. Nikamueleza. Alingojea mpaka nikamaliza, halafu akauliza, "Ile mashini ulipanga ilinde nini? Ilinde batterie ao ilinde mayai?"

Katika kazi yangu yote hakuna patron wala ingénieur mwenye aliniuliza swali la nguvu kama ile. Nilimufungia bwana yake mashini ile, nikapima ukuta, nikapima jua, nikapima mpaka urefu wa câble. Kumuuliza mwenye nyumba anataka nini isizime, hapana.

Niliwaambia wamama waendelee kupasha mayai, nikatoka mbio. Kashebere kulikuwa na muchuuzi wa kutoka Beni, Papa Muhindo, mwenye duka la sabuni, chumvi na misumari. Ndani alikuwa na Kaza-roho moja ya kuwasha radio na kuchajia watu telefone. Miye nilikuwa nimeshaicheka ile Kaza-roho mbele ya wateja wake, si mara moja. Sasa nilisimama mbele yake na matope mpaka magoti, nikamweleza habari ya mayai. Akainyoshea Kaza-roho kidole.

"Hii njo ile uliita takataka?"

"Njo hiyo, Papa."

"Na Monseigneur yako iko wapi?"

"Imekataa."

Alizima radio yake, akafungua waya mbili, akanipa. "Kamata. Ikikufa, utamweleza Bikira Maria, si miye."

Kaza-roho haiulize batterie kama iko muzima. Inakamua tu. Niliiunga, nikakaza roho, balbu zikawaka. Wamama wakafungua vitenge, wakaweka mayai moja moja, polepole, na ile ya kulia wakaiweka karibu na mulango. Courant ilikuwa chafu, balbu zinatetemeka, sanduku inanguruma kama nyuki wenye kukasirika, na hakuna mutu aliyelalamika. Ilifanya kazi mpaka asubuhi. Asubuhi ikatoa moshi kidogo wa buluu, ikakufa pale pale, kwa adabu, bila kuomba kitu.

Wamama wakarudisha mayai tumboni. Lakini sasa mawingu yalikuwa yamefunguka, na jua la Kashebere baada ya mvua si la muchezo. Nilirudisha Monseigneur, nikakaa chini mbele yake. Taa nyekundu. Panneau inajaza, miye ninangojea. Hakuna cha kufanya, haibembelezeki. Mama Jeanne aliuliza kama ninataka kuisomea litania. Jua lilipofika juu ya mabati ya masomo, nikasikia ndani yake, tak. Taa ya kijani. Hakuna mutu aliyeigusa. Balbu zikawaka zimetulia, mwanga mumoja, bila kutetemeka, na ikabaki vile mpaka kazi ikaisha.

Mama Furaha akasema, "Sasa Monseigneur amekubali kusali na sisi." Darasa muzima tukacheka, na miye nilicheka na machozi, sitaficha.

Siku ya pili yake vifaranga vikatoka. Thelathini na moja. Nikafikiri sasa ugomvi njo unaanza, juu mayai ilikuwa na alama. Lakini wamama walipokusanya maganda kutafuta musalaba na duara, hawakuona kitu. Jasho la matumbo yao lilikuwa limefuta mukaa wote njiani. Hakuna aliyejua cha nani kilitoka na cha nani kilioza. Mama Furaha akagawa tatu kwa kila mama, yeye pia tatu. Saba vikabaki. Viwili alipelekewa Papa Muhindo, pole ya Kaza-roho yake, na vitano mama wa Kashebere mwenye kutupikia sombe, majani ya muhogo, tangu tulipofika. Papa Muhindo alipovipokea aliviweka juu ya meza ya duka, pale Kaza-roho ilikuwa inakaa. Akasema hivi vinapiga kelele kushinda radio.

Basi jibu la yule kijana ni hili. Monseigneur ni mashini muzuri kabisa. Ukiweza kuinunua, inunue. Itashinda moshi, mende, matope na kipaji cha mutu. Lakini inatii mwenye kuipanga, hata kama ni mupumbavu, na hairegeze. Kwa hiyo mbele ya kufungua ordinateur yako, uliza mwenye nyumba: siku mbaya ikifika, nini isizime? Wengine watasema frigo, wengine taa ya mutoto, wengine watakwambia batterie, na hao pia wako na haki. Halafu pembeni yake acha njia ya nyuma, waya mbili na disjoncteur ya kukata courant, ili siku Monseigneur akikataa mutu aweze kuunga kitu kingine. Miye tangu ile siku sijafunga hata moja bila njia ya nyuma. Vieux Paluku aliniona nikiifunga, akauliza ni akili ya nani. Nikamwambia ni ya mukulima mumoja wa Masisi. Akakubali na kichwa, na Vieux hakuwa mutu wa kukubali bure.

Nimebakiza neno moja, ningependa kuliruka lakini si haki. Monseigneur ilikuwa na haki. Ule usiku wa Kaza-roho uliua batterie. Hazikukufa siku ile, lakini miezi ikapita, watu wakarudi kwa mulima wao, na batterie zikaanza kuchoka mbele ya saa moja ya jioni. Nilipanda kule na haya yangu. Niliketi kwa Mama Furaha nikamwambia wazi: ni miye niliyezikamua mpaka damu, zimekufa, hakuna dawa.

Alikuwa anachambua maharagi. Hakuacha. "Zilikufa zikifanya kazi, Papa Kambale. Weye unataka kufa ukifanya nini?"

Nilizifunga zile batterie kwa kamba, nikaweka kamba kwa kipaji, nikaanza kushuka. Ilikuwa saa sita ya mchana, saa yenye jogoo wa akili hawike. Nyuma yangu mumoja akawika kwa Mama Furaha, mwengine akamujibu kwa Mama Jeanne, halafu mwengine, nyumba kwa nyumba, mpaka juu kabisa ya mulima.